Abti Yake Anaona?

Muuguzi wa macho wa zahanati ya Griftu hufuta tochi kwa ncha ya mtandio, husema bismillahi, ndipo amulike. Wazee huwaambia ni mtoto wa jicho tu, uzee. Lakini akiletwa kijana wa kiume anayejikwaa giza likianza kuingia, yeye humuuliza mama yake: "Abti yake, kaka yako, anaona?"

Jana mama mmoja, Isnino, alijibu kwamba kaka yake alipofuka. Mumewe, aliyekuwa kando yake, akafoka, "Kumbe ni damu yenu! Nakupa talaka!"

"Mwanamke huubeba ugonjwa huu huku anaona. Hana kosa," muuguzi akasema.

"Na wewe, abaayo, dada yangu," Isnino akauliza kwa unyonge, "kaka yako anaona?"

Muuguzi akazima tochi, akaweka mkono juu ya mimba yake mwenyewe.