Pyo Geumsuk na Programu ya Rangi Iliyoachwa na Wenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, mvuke umetanda katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa, magharibi mwa jiji la Daegu, Korea Kusini. Pyo Geumsuk, 58, amesimama mbele ya kompyuta mbili. Moja ina programu aliyoiandika mwenyewe miaka ishirini na sita iliyopita. Nyingine ina ile inayochukua nafasi yake.

"Hii inasema gramu mbili, hii inasema moja," anasema bila kugeuka.

Programu yake ya zamani hukokotoa gramu za dawa ya kutia kila moja ya rangi 4,100 za vitambaa. Mwaka juzi, kampuni iliyotengeneza zana aliyotumia kuiandika ilitangaza kwamba haitaishughulikia tena. Nguvu zote inazielekeza kwenye zana zake mpya. Katika mkutano wa wateja, Geumsuk alinyoosha mkono.

"Sisi tuliobaki huku nyuma mnatusaidiaje?"

"Mama, hameni tu. Zana mpya itawabadilishia kila kitu yenyewe," akajibu wakala wa mauzo.

Ukumbi ukacheka. "Niliona haya," anakumbuka, "kama niliyekwenda harusini na ovaroli."

Kiwanda kikahamia zana mpya mwezi Machi. Siku ya tatu, mita mia sita za kitambaa cha waridi zikatoka karibu nyeupe. Fundi mkuu wa rangi, Bong Sangdeok, akabeba kipande hadi ofisini.

"Geumsuk, hii ni waridi au maziwa?"

"Usiniulize mimi, kaka. Iulize mashine mpya."

"Mashine haili mshahara. Wewe unakula."

Geumsuk alisoma programu mstari kwa mstari kwa siku nne. Zana ya zamani ilipokuta gramu 1.6 iliandika mbili. Mpya ilikata mkia wa desimali, ikaandika moja. Kwa rangi nzito si kitu. Kwa rangi hafifu, nusu imepotea.

Wenye kiwanda wakaamua kurudi kwenye programu ya zamani. Aliyekataa ni Geumsuk.

"Ile naijua mimi peke yangu. Nikianguka leo, nani ataitengeneza? Wenyewe waliotengeneza zana yake wameshaitupa."

Sangdeok hakuamini. "Umeitetea miaka yote, leo unaizika?"

"Naizika vizuri," akamjibu.

Sasa analinganisha programu hizo mbili, rangi moja baada ya nyingine, akiandika sababu ya kila hesabu kwa maneno ya kawaida ili atakayemrithi aelewe. Amefika rangi ya 2,700. Anastaafu Februari.

"Ile ya zamani nataka niizime kwa mkono wangu," anasema. "Asije akaizima mtu asiyejua ilikuwa inafanya nini."