Mama Alijipeleka Buloko

Chuo kikuu kilipofungwa nilirudi Likasi na sheria nusunusu kichwani, na mtaa mzima ukaanza kuniita Madamu Juji, yaani Bibi Hakimu. Walinicheka, nami sikuwalaumu. Mishahara ya kiwandani ilikuwa imekauka. Baba alikuwa bado anakwenda kazini kila asubuhi, akikaa mbele ya mashine zilizozimwa, halafu anarudi amechoka vilevile. Mimi nilikaa uani na wanafunzi wachache wa sekondari nikiwafundisha tofauti ya jinai na madai. Nani alihitaji mambo hayo wakati huo? Niliyahitaji mimi. Watu walikuwa wanang'oa mpaka nyaya za umeme ukutani, na nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho hakuna mtu angeweza kukipakia kwenye baiskeli akaenda kukiuza.

Niliwaeleza hivi. Sheria ya jinai inauliza nani ametenda, na kama tendo lenyewe lilikuwa limekatazwa kwenye sheria kabla hajalitenda. Aliyetenda ndiye anayeadhibiwa, basi. Si mke wake, si ndugu yake. Sheria ya madai haina haja ya kumwadhibu mtu, inataka hasara irekebishwe. Mwenye kudai aonyeshe kwamba kulikuwa na uzembe au kosa, kwamba yeye ameumia au amepoteza kitu, na kwamba hili lilitokana na lile. Mzazi anaweza kudaiwa dirisha lililovunjwa na mwanawe mdogo, lakini hawezi kufungwa kwa ajili yake. Hayo waliyaelewa upesi.

Shida ilikuja kwenye katiba. Niliwaambia ni sheria inayowafunga mikono wenye bunduki, wakacheka mpaka wakashika matumbo. Kinshasa kulikuwa na serikali mbili zinagombania kiti kimoja, kila moja na maandishi yake. Na parseli iliyopakana na yetu, nyumba na kiwanja chake, ilikuwa tupu. Wenyewe walifukuzwa kwa sababu ya mahali alikotoka babu yao, wakalala stesheni na watoto na masufuria wakingoja treni. Mwanafunzi mmoja akaniuliza siku ile katiba ilikuwa wapi. Nilikasirika, si kwa sababu alikosea. Nilimwambia ilikuwepo, ila hakuna aliyeitamka kwa sauti.

Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa analeta makala, yaani mkaa wa kupikia, kwa baiskeli kutoka upande wa Kakanda. Siku moja, kwenye mteremko karibu na soko, breki zilikatika na mzigo ukamsukuma moja kwa moja kwenye meza ya mama mmoja muuza mawese. Bidoni, lile dumu la mafuta, ikapasuka, mama yule akaanguka na kuumia mguu. Kaka aliona mawese mekundu yametapakaa chini, akadhani yote ni damu na ameua mtu. Aliacha baiskeli palepale, akakimbilia kwa mjomba upande wa Koni. Jioni askari walikuja kumtafuta nyumbani, wakamkosa.

Kilichofuata kila mtu alikijua. Ukikimbia, wanamchukua mama yako au mke wako, wanamkalisha buloko, kile chumba cha nyuma ya kituo, mpaka utakapojitokeza. Jambo hili lilizoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeona tena ubaya wake. Watu waliulizana tu nani atapeleka chakula. Asubuhi yake niliporudi kutoka kuteka maji, nilimkuta mama amevaa kitenge chake cha misa, rozari shingoni, mkeka umekunjwa kwapani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Ku buloko. Ni bora niende minye mwenyewe, kuliko bakuye kunivuta mbele ya bantu."

"Lakini weye ulifanya nini?"

"Nilimuzala."

Akaenda. Nilibaki na ndoo kichwani. Niliwakasirikia askari, ndiyo, lakini siku hiyo nilimkasirikia mama zaidi. Wao angalau wangetumia nguvu. Yeye aliwapelekea haki yake mkononi, na baadaye nilisikia kuwa walimshukuru kwa kutowasumbua.

Nilianza na mambo ya madai, kwa kuwa hayo yangetengenezeka. Nilimkuta muuza mawese kwake, mguu umefungwa kitambaa, uso umenuna.

"Minye nililomba mafuta yangu na dawa ya muguu," aliniambia. "Mama ya muntu nitamufanya nini?"

Nilirudi nyumbani nikabeba bidoni ya mawese ambayo mama alikuwa ameificha chini ya kitanda. Nikaahidi kwamba kaka atamletea makala na kumnunulia dawa mpaka atembee vizuri. Alionja mafuta kwa kidole, akasema ni mazuri kuliko yake. Kisha akachukua fimbo, tukaongozana polepole mpaka kituoni.

Komanda wa kituo alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini, anachokonoa meno. Nilimwamkia kwa heshima zote, halafu nikamuuliza mama yangu anashitakiwa kosa gani.

"Haina kosa," alijibu. "Ni mama ya mwenye kosa."

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa, bila hata chembe ya aibu. Nikamwambia basi hana ruhusa ya kumfunga, na katiba inakataza.

"Katiba gani? Ku Kinshasa biko mbili. Weye unataka ile gani?"

Askari wakaangua kicheko. Nikahisi nimerudi uani kwangu, mbele ya wanafunzi wangu.

"Chagula ile unapenda, Komanda. Hata moja haisemi mama afungiwe mahali pa mutoto."

Muuza mawese akapitisha fimbo yake mbele na kusema, "Minye banaisha kunirudishia mafuta. Ule mama munamushikia nani sasa?"

Nadhani fimbo ile ilisaidia kuliko mimi. Komanda aliinua kidole, askari mmoja akaenda kufungua mlango. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, mgongo umeegemea ukuta, rozari mkononi.

"Sitoki," alisema. "Nikitoka, batamukamata mutoto."

"Mama, ukikaa humu unaambia bantu mutoto yako ni mubaya. Yeye alianguka na kinga. Atakuya mwenyewe, atasema mwenyewe."

Kinga ndiyo baiskeli huku kwetu. Alinitazama kwa macho makavu. Nilijua ninamwomba kitu kigumu. Maisha yake yote alikuwa amejiweka kati yetu na kila kilichokuja kutupiga, na sasa binti yake aliyemsomesha kwa shida anamwambia asogee. Hatimaye alikunja mkeka na kutoka.

Tulipofika mlango wa nje, Komanda alikohoa. "Na minye? Buloko haifungukake bure."

Wengine wangetabasamu na kuahidi chupa ya bia. Ningeweza. Lakini nilikuwa nimejaa mpaka kooni.

"Ulimuiba mama ya bantu, Komanda. Sasa unalomba tukushukuru?"

Komanda akaacha kuchokonoa meno.

"Unaniita mwizi mbele ya baaskari yangu?"

"Ndiyo. Minye njo nimesema, na bote banasikia."

Nilikiri kwamba ni mimi niliyesema, na nilijua vizuri nilichofanya. Kumtukana mtumishi wa serikali akiwa kazini ni kosa la jinai, limeandikwa, na nilikuwa nimelifundisha mwenyewe. Sikutaka kulirudisha neno langu mdomoni. Komanda akaamuru niwekwe ndani, na askari akanishika mkono.

Mama alikuwa ameshageuka. Aliuweka mkeka wake chini mbele ya kiti cha Komanda.

"Muache, Komanda. Ni mutoto yangu. Nitakaa minye."

"Mama, enda ku nyumba!" nilipiga kelele. "Hii maneno ilitoka mu kinywa yangu!"

Komanda alimtazama mama, akanitazama mimi, akautazama mkeka. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Yeye njo alisema. Atakaa yeye."

Nilicheka mpaka askari aliyenishika akadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimeshinda kesi yangu ya kwanza, na mlango ukafungwa.