Akina Chitu na Akina Habali

Asubuhi zangu za utotoni zilianza kwa sauti za salamu. Kisima chetu kilichimbwa katika mchanga wa korongo kavu, chini kidogo ya mahali Wadachi walipokuwa wakijenga stesheni ya Dodoma, na kabla jua halijapanda wanawake walikuwa wamekwisha kupanga vibuyu na mitungi yao ukingoni. Sisi wenyeji tulisema "Mbukwa", tukaitikiwa "Mbukwa". Wanyamwezi waliokuja kujenga reli pamoja na wake zao walisema "Mwangaluka". Wahehe walisema "Kamwene". Watu wa pwani, ambao walikuwa wachache na wasafi kupita sisi sote, waliulizana hali mpaka wa nyuma yao wakaguna. Vumbi lilinuka chuma cha moto na moshi wa kuni za mkambala, na nyundo zilipoanza kugonga reli, salamu zilipotelea humo.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Nyumbani kwetu hakuna aliyeandika. Baba alikuwa ametuhamisha kutoka kijijini, mwendo wa siku nzima, akajenga tembe karibu na kambi ili mama auze maziwa na ulezi. Ndipo nilipogundua kipaji changu. Nikimsikia mtu akisema mara mbili tu, niliweza kuirudia kauli yake hata mamaye angegeuka. Upesi nikawa mgawaji wa majina ya utani pale kambini. Watu wa pwani, waliomwita kila rafiki "yakhe", niliwaita Akina Yakhe. Wanyamwezi, kwa kuwa ndimi zao hazikuipenda r nao wakauliza "habali za leo", niliwaita Akina Habali. Nao watoto wao hawakuniacha hivi hivi. Sisi Wagogo tukisema Kiswahili, kitu kilikuwa chitu na kisu kilikuwa chisu, kwa hiyo tukawa Akina Chitu. Baba alicheka aliposikia. Alisema hata hilo jina la Wagogo tulibandikwa na wapagazi waliopita zamani wakaona magogo, na hao Wanyamwezi nao waliitwa hivyo na watu wa pwani kwa kuwa wanatoka upande mwezi mchanga unakoonekana. "Kila mtu hapa anaitwa na jirani yake," alisema.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamke wa Kinyamwezi, Mama Nyanzala, mkewe mpasua mawe wa reli. Alikuwa mrefu, mpole, na r haikupata kumtoka kinywani hata siku moja. Nilimwiga mbele ya wenzangu: anavyoomba moto, anavyomwita mwanawe "luudi hapa, luudi". Siku moja nilipogeuka nilimkuta amesimama nyuma yangu na kibuyu kichwani. Hakunikemea. Alipita tu, na tangu siku hiyo, akitaka moto, alimtuma mwanawe. Mama aliniambia mzaha mzaha hutumbua usaha. Sikuelewa, kwa sababu usaha wenyewe ulikuwa bado haujatoka.

Hata baba sikumwacha. Ujanani aliwahi kubeba mizigo hadi Tabora, akarudi na nyimbo mbili tatu za safari na zile salamu za Kinyamwezi tu. Basi nikamwita Mnyamwezi. Jina lilimpendeza, likaenea, hata wanunuzi wa maziwa wakawa wanauliza, "Mnyamwezi yupo?"

Kisha siku moja nilikuwa nacheza njiani na wenzangu walipokuja askari wawili. Mmoja akauliza, "Yuko wapi mtu anayeitwa Mnyamwezi?"

Nilijitokeza mbele kwa fahari. "Mnyamwezi ni baba yangu. Njooni niwaonyeshe."

Nikawatangulia. Nilitembea kifua mbele, wenzangu wakinifuata. Askari wakamkuta baba anakamua mbuzi, mmoja akamwambia, "Mwangaluka." Baba, kwa mazoea yake, akaitikia vizuri kabisa. Hapo hapo walimshika, wakamfunga kamba. Kulikuwa na Mnyamwezi mmoja aliyetoroka kazi ya reli, mtu wa makamo kama baba, na adhabu ya kutoroka tuliijua sote: viboko ishirini na vitano mbele ya watu. Wengine walitembea tena baada ya hapo, wengine hawakutembea.

Walimpeleka kwa akida, aliyehukumu kwa niaba ya Wadachi. Akida huyo alikuwa mtu wa pwani, hakuwa na muda mrefu kwetu. Baba alisema yeye ni Mgogo. Akida akajibu kwamba kila mtoro huwa Mgogo akikamatwa Ugogo. Baba akaonyesha masikio yake yaliyotobolewa kwa desturi yetu. Akida akasema ameona wapagazi wengi waliotoboa yao njiani. Mama alilia, akaambiwa mke hamfichui mumewe. Wazee wa kwetu walikuwa kijijini, nasi hatukuwa na siku ya kuwangoja. Mimi nilisimama pembeni nimeshika kitambaa cha mama, nikitaka kusema kwamba jina lile nililitunga mimi. Sauti, mimi niliyekuwa na sauti za watu wote, haikutoka.

Ndipo watu wakapisha, akaja Mama Nyanzala. Unga ulikuwa bado mikononi mwake. Alipiga goti.

"Shikamoo, Bwana Akida. Huyu si mtu wa kwetu."

"Umejuaje?"

"Mwambie ataje hivyo vilivyo mbele yako."

Mbele ya akida palikuwa na kiti, kitabu, kisu na kikombe. Baba akavitaja kimoja kimoja: "Chiti. Chitabu. Chisu. Chikombe." Watu waliangua kicheko, na karani naye akainama kuficha chake. Akida hakucheka.

"Mtu anaweza kuigiza," alisema.

Mama Nyanzala akamgeukia baba, akamwambia maneno mengi ya haraka kwa lugha yao, mkono wake ukielekea kwetu. Baba alimsikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa, akatabasamu kama mtu anayeagwa.

"Nimemwambia tembe lake linaungua," alisema yule mama, "na mtoto wake mdogo yumo ndani. Mtu anayesikia Kinyamwezi angesimama hivi?"

Akida akamgeukia yule mama. "Na wewe unamteteaje? Huoni nikimwacha huyu nitawauliza ninyi aliko mtoro wenu?"

"Utatuuliza, Bwana," akasema. "Lakini huyu ni jilani yangu."

Nililisikia neno lile, nami nikainamisha kichwa. Baba akafunguliwa kamba.

Kesho yake, bila kutumwa, nilikwenda kwa Mama Nyanzala nikaushika mchi nikamtwangia mtama. Nilipomaliza nilimwambia nimekosa. Akafuta jasho langu kwa kiganja. "Unajua kuiga," alisema. "Sasa jifunze maana." Msimu ule wote, hadi reli iliposonga mbele ikamchukua na watu wake kuelekea kwao, alinifundisha lugha yake, neno kwa neno, bila kunicheka nilipokosea, nami nilikosea sana. Siku ya kuondoka tulimfungia maziwa ya mgando, na baba aliubeba mzigo wake mwenyewe hadi njiani.

Leo mimi ni bibi. Wajukuu zangu wanasema Kiswahili cha shuleni, kimenyooka, huwezi kutambua nani ni wa wapi. Wageni wakija, wanaona haya kusema Kigogo. Viboko vya akida vimekwisha, nami namshukuru Mungu, wala siutamani wakati ule urudi. Ila wanaishi ukuta kwa ukuta na watu kutoka kila pembe ya nchi hii, wanaelewana kila neno, na nikiwauliza jirani anaitwa nani, hawajui. Mimi jirani yangu nilimcheka kabla sijamjua, naye akamwokoa baba yangu. Baba aliishi miaka mingi baada ya siku ile. Alizaa wadogo zangu wengine wanne, akawaona wajukuu. Sisi wote tuliotoka kwake ni deni la mwanamke mmoja wa Kinyamwezi, na kila mtoto anayezaliwa kwetu huambiwa jina la mama huyo kabla hajaambiwa la kwake.