Vilma, mwashi aliyekataa kufungua lango la Sokolník

Saa moja na nusu asubuhi, Vilma Chovancová anapanda kilima, mkono wa kulia ndoo ya chokaa, mfuko wa kushoto kitunguu na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Umande umelowesha nyasi. Juu yake, magofu ya ngome ya Sokolník yanachungulia katikati ya misonobari kama meno ya bibi anayecheka.

Hapumziki njiani. Akifika langoni anatua ndoo, anaugonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku ameinamisha sikio. Ko. Ko. Ko. Anatabasamu.

“Jiwe zima linajibu,” anasema. “Jiwe lililoachana na wenzake linanung’unika. Ni kama ndoa tu.”

Wasafiri wa kwanza wanamkuta hapohapo: vijana wawili wa Kicheki, mabegi mgongoni, jasho linawatiririka.

“Shangazi, humu ndani kuna mzimu?” anauliza msichana.

“Yupo, mwanangu. Ila Jumatatu huwa hafanyi kazi.”

“Leo Jumanne!”

“Basi amechelewa. Naye si mtumishi wa umma?”

Wanacheka wote watatu, na Vilma anawatangulia kuingia.

Ana miaka sitini. Kwa miaka ishirini na mitatu alishona viatu kiwandani, bondeni, hapa kaskazini mwa Slovakia. Kiwanda kilipofungwa, alikaa nyumbani majira mawili ya baridi akimtazama mumewe, Imrich, naye Imrich akimtazama yeye. “Tulikuwa tumebakiza kidogo tuumane,” anasema.

Ndipo ukaja mpango wa kuwapa wasio na kazi kibarua cha kuyatengeneza magofu. Msimamizi, Radovan, alimtazama toka juu hadi chini, akampa ndoo. “Mama, wewe utachota maji.”

“Nikachota kiangazi kizima,” anakumbuka Vilma. “Lakini macho hayakuwa yakichota maji. Macho yalikuwa yanamwangalia mwashi.”

Mwaka wa tatu alikuwa akijenga tao la dirisha peke yake. Leo analipwa yuro mia tisa kwa mwezi, na theluji ikianguka kazi husimama. Kiangazi, wakati waashi wenzake wanapokula, yeye huwatembeza wageni, mdomo bado umejaa mkate.

Ila kilichomfanya ajulikane bonde zima ni siku moja ya Mei, miaka miwili iliyopita.

Ilikuwa siku ya kufungua msimu. Bendi ya wazima moto ilikuwa imeshapanga viti kwenye uwanda chini ya ngome, wanawake wa kijiji wanakoroga masufuria ya viazi na jibini ya kondoo, na watu zaidi ya mia mbili walikuwa wakipanda kutoka kituo cha treni. Vilma alitangulia kukagua. Juu ya nyufa za ukuta wa kaskazini alikuwa amegandisha vipande vyembamba vya kioo. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo huvunjika.

Jana yake vilikuwa vizima. Asubuhi ile, viwili vilikuwa vimekatika.

“Usifungue,” alimwambia Radovan.

“Vilma, ukuta huu una miaka mia saba. Ndiyo uchague kuanguka leo?”

“Sijui ukuta umechagua lini. Najua mimi nimechagua nini.”

Akavuta geti, akafunga, akageuza ndoo yake juu chini akaikalia mbele ya lango. Funguo akaziweka mahali ambapo Radovan, mtu mwenye adabu zake, asingethubutu kuzifuata.

Watu walifika, wakaanza kunung’unika. Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Bogumil, Mpolandi mwenye ndevu nyeupe, dereva wa tramu mstaafu, ambaye alikuwa ametembea kwa miguu siku tisa kutoka ngome hadi ngome.

“Bibie, nimevuka milima kuja kuona mnara huu!”

“Utauona, bwana. Ukiwa mzima.”

“Nimepanda magofu arobaini na moja, sijawahi kuzuiwa!”

“Basi leo umepata jipya la kusimulia.”

Alikaa pale kwa muda wa saa mbili. Wengine walimwita mwanamke wa kiwandani, fundi wa soli. Radovan alimsihi, kisha akamkaripia. Vilma anakiri kuwa moyo ulianza kumsuta. “Niliwaza, je, kama ni baridi ya usiku tu iliyokata vioo? Nitaingiaje tena dukani? Kijiji kitanicheka hadi kaburini.”

Saa saba na dakika chache, bendi ikiwa katikati ya wimbo, ukuta wa kaskazini ulipiga kishindo kimoja kama mlango mkubwa uliobamizwa. Kisha vumbi. Mawe yaliporomoka juu ya njia ileile ambayo wageni hupitia, yakaifukia.

Bendi ilinyamaza, isipokuwa mpiga tarumbeta mmoja asiyesikia vizuri, ambaye aliendelea peke yake mpaka mkewe alipomvuta koti.

Hakuna aliyeguswa. Radovan alivua kofia. Bogumil alikaa chini kwenye nyasi, uso mweupe kama ndevu zake, akasema polepole, “Bibie, naomba radhi.”

“Mimi nilikuwa natetemeka kiasi kwamba nilishindwa kuinuka kwenye ndoo,” anasema Vilma. “Watu wakadhani bado nagoma.”

Siku ile walikula viazi na jibini hadi masufuria yakang’aa. Wiki moja baadaye, walipokuwa wakiondoa kifusi, waligundua ukuta ule ulikuwa umeficha kitu: ngazi nyembamba ya mawe ndani ya unene wa ukuta wenyewe, iliyozibwa zamani kiasi kwamba hata ramani za kale hazikuionyesha. Radovan alimpa Vilma tochi. “Tangulia wewe. Ngazi ni yako.”

Kwenye kipandio cha kumi na moja, chokaa ya ukutani ilikuwa na alama za vidole vinne vya mwashi aliyeisawazisha. Vilma aliweka vyake juu yake. Vikaenea sawasawa.

“Labda alikuwa mwanamume mwenye mikono midogo,” anasema, akiinua mabega. “Nawaachia wageni waamue. Ila mimi nilikaa pale kidogo.”

Sasa ngazi imeimarishwa, na wasafiri wanaipanda watano watano hadi juu ya mnara. Wachache wao huja kwa sababu Bogumil amewasimulia. Yeye mwenyewe humtumia Vilma kadi ya posta kutoka kila gofu analofika.

Kadi hizo zimemtia wazimu mpya. Kwa miaka kumi na minne ameijenga ngome moja, na hajawahi kulitembelea gofu lingine hata moja. Septemba hii amechukua likizo ya siku kumi. Viatu vya kutembelea amevishona mwenyewe, jozi mbili, ya pili ya Imrich, ambaye anadai magoti yake hayajakubali.

“Magoti yatakubali,” anasema Vilma. “Nataka niamke asubuhi mahali nisipojulikana, nione ngome juu ya kilima nisichokijua jina. Halafu nipande, nikaone kuna nini.”