Bia ya chefu kwa wanaoacha pombe

Jumanne, kwenye biro ya chefu wa mutaa wetu hapa Goma, mama mumoja aliomba karatasi ya kuruhusu watu wanaoacha pombe wakutane kila wiki. Chefu akakunja mikono.

"Mama, desturi unaijua. Leta kwanza bia."

"Chefu, sisi tunaacha bia!"

"Mimi sijasema naacha."

Papa aliyemusindikiza, mwenye wiki tatu bila kuonja, ndiye alitumwa kuinunua. Alirudi, akaiweka mezani, akapangusa mikono kwenye suruali muda murefu.

"Chefu, piga muhuri mbio. Harufu inaniita."

Eti hiyo ndiyo heshima kwa mukubwa! Roho inanichoma hadi leo. Karatasi niliiona: iko na alama mbili za duara, ya muhuri na ya kitako cha chupa.