Kopo la Utabiri la Mwaka Jana

Bernadine Pruchnicki aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja hapa Sloan, pembeni mwa Buffalo, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchelewa wala kudanganya mtu. Kuhusu kuchelewa naweza kuapa, maana wanangu wawili walipanda basi lake, na siku moja alimwacha mkubwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kuhusu kudanganya niliamini hivyo hivyo, mpaka Jumanne moja ya Januari aliponifuata jikoni kwenye ukumbi wa zimamoto, theluji imemjaa mabegani, akaniomba nimsaidie kupoteza kopo.

"Kopo gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Usijitie ujinga, Leo. Lile la juu ya friji."

Kila Januari, zikibaki timu nne katika huu mpira wetu wa helmeti na kusukumana, sisi tunakaa meza moja Ijumaa kabla ya fainali za kanda. Ukumbi unauza samaki wa kukaanga siku hiyo, na mkaangaji ni mimi tangu nilipostaafu posta. Tunabishana kuanzia saa tano mpaka saa tisa. Halafu kila mtu anaandika kwenye karatasi nani atashinda na kwa pointi ngapi, anatia sahihi, anaitumbukiza kwenye kopo la kahawa, nami nalifunga kwa selotepu. Ijumaa inayofuata tunalifungua. Sahihi ilianza mwaka ambao Chester alidai karatasi isiyo yake, tena akaidai kwa machozi.

Hatuchezi pesa. Anayekaribia zaidi anapata kiti cha karibu na hita mpaka Januari nyingine. Kama hujawahi kula katika ukumbi wetu, ambao nadhani ulijengwa na mtu aliyechukia binadamu wenzake, na mlango wake unafunguka kila dakika upepo wa ziwani ukaingia nao, utaona ni zawadi ya kitoto. Njoo ukae kiti cha mlangoni Januari moja, halafu tuongee.

Mezani tulikuwa watano. Norbert, mume wa Bernadine, mtu wa kiwanda cha matairi, alikuwa na sauti iliyofika maegesho ya magari. Yeye aliandika Buffalo, timu yetu, kila mwaka, hata miaka ambayo Buffalo hawakuwamo. Chester ni mdogo wake, naye huongea kwanza akafikiri akifika nyumbani. Marlene alikuwa nesi, huja na daftari la takwimu, na kwa sababu ya daftari hilo Norbert alikuwa akimwita msaliti. Bernadine alikuwa akimwitikia mumewe. Norbert akisema "Nyumbani ni nyumbani!" Bernadine anagonga meza kwa kijiko. Wa tano ni mimi.

Mwaka jana Buffalo walikuwamo. Walikwenda Kansas City, wakapoteza kwa pointi tatu, baada ya waamuzi kusema mpira haukufika mstarini pale ambapo mimi, mke wangu na paka wetu tuliuona umefika. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano Norbert alianguka gereji kwa kiharusi, na mwezi wa tatu tukamzika. Ijumaa ile hakuna aliyetaja kopo. Nililiweka juu ya friji, likakaa huko mwaka mzima pamoja na balbu zilizoungua. Kiti cha hita nacho hakikukaliwa na mtu, tukawa tunatupia makoti.

Sasa Chester alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa hii kopo litafunguliwa kwanza, ndipo tuandike ya mwaka huu. Mwaka huu Buffalo walikuwa wameshatolewa wiki moja kabla, kule Denver, kwa hiyo hapakuwa na la kuogopa. Ndivyo nilivyodhani.

"Ndani ya hilo kopo kuna karatasi yangu," Bernadine akasema. "Niliandika Kansas City."

Nikaweka kisu chini. "Wewe?"

"Mimi. Kansas City kwa pointi nne. Na sahihi yangu."

"Bernadine, wewe ulimgongea Marlene kijiko ukamwita msaliti. Nilikuwepo!"

"Najua ulikuwepo! Kelele za nini?" Akavuta ndoo ya viazi akaikalia, mwanamke wa miaka sabini na miwili. "Sikiliza. Miaka thelathini natabiri, sijawahi kupatia hata mara moja. Kiti cha hita sikijui hata kilivyo. Timu ninayoichagua ndiyo inayopoteza. Nikajiambia, nuksi ni mimi. Nikiwaandika wale wengine, basi wale wengine watapoteza."

Sikucheka. Hapa kwetu kuna watu wenye shahada wanaovaa soksi zile zile miezi minne bila kuzifua, ili timu isifungwe.

"Wangeshinda, ningeisoma mwenyewe kwa majivuno," akaendelea. "Lakini walifungwa. Na Norbert akakaa pale kwenye kochi, kimya, unamjua Norbert na kimya. Akanishika mkono. Akaniambia, 'Angalau mimi na wewe hatukuwaacha, Bernie.'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo. Nikamtazama machoni nikasema ndiyo." Alikuwa anavua glavu na kuzivaa tena. "Nilijua Ijumaa itasomwa. Nikapanga Alhamisi nimwambie. Jumatano akaanguka."

Nikampa kikombe cha kahawa, ambacho hakukinywa.

"Miaka arobaini na minne ya ndoa, Leo. Neno la mwisho la maana nililomwambia akiwa na akili zake ni uongo. Sasa Chester aisome karatasi hiyo mbele ya watu wanaokula samaki?"

Nikamwambia nitaangalia la kufanya. Na hapa lazima niseme ukweli, kwa sababu nimemsema mwenzangu vya kutosha: karatasi yangu mimi nayo ilikuwa na Kansas City, kwa pointi sita. Sikuwa na habari za nuksi wala nini. Niliwaona tu wana nguvu kuliko sisi. Ningeweza kumwambia palepale jikoni, nikaona haya, nikanyamaza, nikamwacha atoke kwenye theluji akidhani yuko peke yake. Sijivunii.

Jumatano nililibeba kopo mpaka kwenye pipa la taka nyuma ya ukumbi. Nililiinua. Likachakacha ndani, nikakumbuka kuwa mwandiko wa Norbert uko humo, yale maherufi yake makubwa kama ya bango la barabarani. Nikalirudisha juu ya friji, nikijitukana.

Ijumaa Bernadine alikuja mapema, amevaa koti la Norbert la Buffalo, akakaa kiti cha mlangoni bila kuambiwa. Chester alikuwa ameshaanza.

"Mwaka huu ni msiba," alikuwa anasema, mkate mweusi mdomoni. "New England na Denver! Nichague nani? Wale waliotutesa miaka ishirini, au hawa waliotutoa juzi?"

"Chagua wenye walinzi wazuri," Marlene akasema, akifunua daftari. "New England. Denver wanaingiza mrushaji mpira wa akiba, hajacheza msimu mzima."

"Mtu wa akiba ana miguu mipya!"

"Chester, mpya na isiyotumika ni vitu viwili tofauti. Muulize mkeo kuhusu ile mashine yako ya mazoezi."

Meza ya jirani ikacheka. Chester akamwagia samaki siki kwa hasira. "Na upande wa pili? Seattle au Los Angeles?"

"Seattle wako nyumbani," nikasema. "Kule mashabiki wanapiga kelele mpaka mtu hasikii mawazo yake."

"Wewe Leo unaogopa hata kelele za mafuta," Marlene akasema.

"Nyumbani ni..." Chester akaanza, kwa sauti ya kaka yake, halafu akakatiza. Sote tukatazama kijiko cha Bernadine. Hakikusogea. Alikuwa hajagusa samaki wake, na rangi ya uso wake haikunipendeza.

"Lete kopo, Leo," Chester akasema.

Nikalileta. Nilimtazama Bernadine, naye akanitazama jinsi anavyokutazama mtu uliyeahidi kumshikia mlango ukauachia. Chester akakata selotepu kwa kisu cha samaki, akavaa miwani.

Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe. "Buffalo kwa pointi ishirini na moja!" akasoma, na kifua mbele, kana kwamba hatujui kilichotokea.

Ya pili ilikuwa ya Marlene. Chester akaitazama mara mbili. "Buffalo. Kwa pointi moja."

"Ndivyo hesabu zilivyosema," Marlene akasema. "Miaka yote mnaniita msaliti. Nilikuwa naingoja siku hii."

Ya tatu ilikuwa yangu. Chester akaisoma kwa sauti, akaniangalia juu ya miwani. "Leo. Kansas City?"

"Nilikuwa na homa."

"Homa! Mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa, unakula samaki wetu!"

"Nawakaanga mimi hao samaki!"

Watu wakacheka, Bernadine hakucheka. Lakini alikuwa ananitazama upya. Chester alipoingiza mkono kwa mara ya nne na kutoa karatasi iliyokunjwa vizuri, kona kwa kona, Bernadine akasimama.

"Hiyo ni yangu, shemeji. Usisome. Nitasema mwenyewe."

Chester akaishika bila kuifungua.

"Niliandika Kansas City kwa pointi nne. Norbert hakujua. Aliniuliza, au tuseme karibu aniulize, na nikamdanganya." Sauti haikutetemeka, ni ile ile aliyokuwa akiwaambia watoto wakae chini basi linaondoka. "Nilitaka kuwageuzia nuksi wale wengine. Lakini niliandika, na nikadanganya. Basi. Nimesema."

Ukumbi haukunyamaza, maana hakuna anayeweza kuunyamazisha ukumbi wa samaki siku ya Ijumaa. Marlene akamshika mkono wa koti. Chester, ambaye nilikuwa tayari kumkanyaga mguu akifungua domo, alijikuna kidevu tu akasema, "Shemeji, kaa chini. Bado moja."

Akaifungua ya mwisho. Midomo ikacheza bila sauti. Akavua miwani, akaifuta kwa fulana, akaivaa tena. Halafu akanyoosha mkono juu ya sahani zote, akampa Bernadine karatasi.

"Soma wewe. Mimi siwezi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bernadine, kwa hiyo niliyaona maherufi kabla hajayatamka. Aliyasoma polepole, kila neno peke yake:

"Kansas City, pointi tatu. Kila nikiwaandika Buffalo wanapoteza. Nisamehe, Bernie. N. Pruchnicki."

Akaisoma tena, kimya. Kisha akatoa pumzi ndefu sana, mabega yakashuka, na koti lile kubwa likaonekana limemzidi zaidi.

"Mwongo mkubwa wee!" akasema. "Mwongo! Amenishika mkono! 'Mimi na wewe hatukuwaacha!' Anajua alichoandika, bado ananishika mkono!"

Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, na yalipokuwa machozi tu alikuwa bado anacheka. Chester naye akalia bila aibu, akijifuta kwa karatasi ya samaki. Mimi nikawaza kuwa Norbert pia alijua Ijumaa inakuja, na labda naye alikuwa ameipangia Alhamisi yake. Nililisema kwa sauti. Bernadine akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, mara nyingi.

"Pointi tatu kamili," Marlene akasema, akifunga daftari. "Norbert ameshinda kiti."

Chester ni mtu wa sheria zinapowahusu wengine. "Muhula wake unaishia leo," akaanza.

"Chester," tukasema wote watatu.

Akaenda mwenyewe akaondoa makoti, akakipangusa kiti kwa mkono. Bernadine akakikalia, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini, akaegemeza mgongo, akafumba macho kidogo kwa lile joto. Aliandika utabiri wake wa mwaka huu bila kuufunika kwa mkono: Buffalo, mechi zote mbili. Nikaitumbukiza karatasi koponi kama ilivyo.

Kisha akaomba samaki wa moto, maana wake alikuwa amepoa. Alikaa pale mpaka saa tisa, na kila aliyekuja kuota moto karibu na hita, hata asiyemjua, alimwonyesha karatasi ya Norbert akamwambia, "Mume wangu alinidanganya." Sijawahi kumsikia mtu akilisema jambo hilo kwa furaha namna ile.