Mtani Ndani ya Kanzu ya Marehemu

Somoe binti Rehani alikuwa na mdomo, na anayesema vingine hakumjua. Alikuwa mfinyanzi wa upande wa Miono, kwenye kitongoji kilichotazama mto Wami. Vyungu vyake vilipikiwa ng'ambo zote mbili za mto, lakini matani yake yalifika mbali kuliko vyungu. Akiingia Mkwajuni, kijiji cha Wakwere kule ng'ambo, wanaume wazima walikumbuka ghafla kwamba wana kazi shambani. Yeye Mzigua, wao Wakwere, watani tangu mababu. Angeweza kumwita mzee mwenye heshima zake mwizi wa kuku mbele ya wakweze, na mzee hana ruhusa ya kununa. Atacheka, atarudisha tusi lake zuri, na siku itaendelea. Akinuna, amejivunjia heshima mwenyewe.

Miaka hiyo ya thelathini, kilichokuwa kimewanyima watu usingizi ni bunduki. Gobori la kufukuzia nguruwe lilikuwa na cheti, na mwenye nalo alijulikana. Lakini vita vya Mjerumani vilipokwisha, bunduki za askari waliokimbia zilibaki porini, na wenye macho waliziokota wakazifukia. Ndizo zilizokuwa zikiuzwa kimyakimya, zikivuka mto huku na huku, kwa wawinda pembe na kwa wanyang'anyi wa njiani. Risasi zake zilikuja kwa magendo kutoka visiwani. Kila upande wa mto uliapa kwamba uovu huo unatoka upande wa pili.

Moja ya bunduki hizo ilimuua Dadi, mwana mkubwa wa Somoe. Kijana alikuwa anarudi kutoka Bagamoyo na chumvi na vitambaa. Wanyang'anyi walimpiga risasi kivukoni, akaanguka ukingoni, kiwiliwili mchangani na miguu majini. Jumbe wa Miono alifuata nyayo za wauaji mpaka ukingo wa mto akageuka, kwa kuwa amri yake iliishia pale. Jumbe wa Mkwajuni, Kibwana, alikataa kuzipokea nyayo hizo ng'ambo, akisema marehemu si wake, amefia upande wa Miono. Yule wa Miono akajibu kwamba miguu yake ilikuwa mtoni, na mto ni wa wote. Wakabishana hivyo mchana kutwa, na mama wa maiti ameketi mbele yao. Somoe hakulisahau jambo hilo hata siku moja, na mimi simlaumu.

Msimu uliofuata, alipokuwa akishusha mbegu za mahindi kwenye dari ya jiko, mkono wake ulishika chuma. Ilikuwa bunduki, imeviringishwa mkeka. Akamwita Husseni, mwanawe aliyebaki, mtu mzima mwenye mke.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama. Irudishe ilipokuwa."

"Ya kazi gani?"

"Anayewauzia wauaji nimekwisha mjua. Ni mzee Mrisho wa Mkwajuni. Tukishavuna nitamfuata. Na kama yeye hayupo, yupo mwanawe Bwanausi."

Somoe aliirudisha bunduki darini. Hapo alikosea, na alijua kwamba anakosea, lakini alikuwa amebaki na mtoto mmoja na aliogopa kumpeleka jela kwa mkono wake. Alichokiogopa zaidi ni kile kitakachofuata. Husseni akimuua Mkwere, Wakwere watavuka kumtafuta Husseni, na wale waliokuwa wakitukanana kwa kicheko tangu mababu watatukanana kwa risasi.

Akaenda kwa Jumbe Kibwana kumshtaki Mrisho, asiseme neno juu ya dari yake. Kibwana, ambaye ni mdogo wake Mrisho kwa baba na mama, akamwambia alete shahidi. Akaenda kwa jumbe wa Miono, naye akamwambia kwamba mambo ya ng'ambo hayamhusu. Alipopeleka vyungu Dunda, mjini Bagamoyo, alisikia wachuuzi wakisimuliana kwamba Unguja, Tanganyika na Kenya sasa zinapeana habari za magendo ya silaha, chombo kikikimbia bandari hii kinangojwa bandari ile. Somoe alitua chungu chake chini akacheka mpaka machozi.

"Wamepatana kuvuka bahari nzima," alisema. "Sisi tuna mto ambao kiangazi kuku anavuka kwa miguu, na majumbe wawili hawajapatana."

Mavuno yalikuwa yamekaribia kwisha alipoletewa habari jioni moja kwamba mzee Mrisho amefariki, maradhi ya kifua, na atazikwa kesho baada ya adhuhuri. Husseni alikuwa akila. Akanawa mikono.

"Amenikimbia," alisema. "Basi atanilipa Bwanausi. Matanga yakishavunjwa, nakwenda."

Somoe hakubishana naye. Asubuhi alijifunga kanga mbili kiunoni, akawaambia wanawake wenzake, "Twendeni. Watani wetu wamefiwa, tuna kazi." Maana msiba wa Mkwere bila Mzigua wa kuuchafua haujakamilika. Mtani ana haki ya kunyakua kitu cha marehemu mpaka kikombolewe, kuzuia jeneza, hata kujifanya marehemu mwenyewe. Hiyo haki hapewi ndugu wala jumbe.

Walifika maiti amekwisha oshwa na kuvikwa sanda, jeneza liko uani tupu, linangoja. Somoe aliingia ndani moja kwa moja, akampa mkono wa pole mjane, Adija, kisha akaangua kanzu ya marehemu kutoka kwenye msumari ukutani, na kofia, na bakora. Alipotoka uani alikuwa Mrisho. Alichechemea mguu uleule, akakohoa kikohozi kilekile, akatema mate pembeni kama alivyokuwa akitema mzee. Waliokuwa wakilia walicheka na kamasi zao. Akajitupa juu ya jeneza, akakaa.

"Kibwana, mdogo wangu! Yule mbuzi wangu uliyesema kaliwa na fisi, leo nimekutana na fisi mwenyewe, amekataa."

Uwanja ukalipuka. Jumbe alicheka akajifuta macho. Somoe akangoja kicheko kipungue.

"Bwanausi mwanangu, sogea karibu na baba yako. Mbona mnanitoa mikono mitupu? Mmenipa sanda, mmesahau bunduki zangu."

Kicheko kilikatika. Bwanausi, mtu wa miraba minne aliyekuwa ameshika jembe la kaburini, alisogea polepole.

"Shikamoo, bi Somoe. Tania vingine."

"Marahaba, ila Somoe simjui. Mimi baba yako. Nazitaka zile nilizofukia. Moja ilikwenda ikamlaza kijana wa watu kivukoni, miguu majini, na huyu mdogo wangu akasema si wake. Nikiulizwa huko niendako, zilizobaki niseme nimemwachia nani? Wewe?"

Mkono wa Bwanausi ulikaza mpini mpaka vifundo vikapauka. Kila mtu aliuona. Kila mtu alijua vilevile kwamba akimnyanyulia mtani jembe msibani kwa baba yake, hadithi hiyo itazeeka kuliko yeye. Mwalimu atakayesalisha akajaribu kuokoa jahazi.

"Bibi, maiti hacheleweshwi."

"Mwalimu, maiti ni mimi, na mimi sina haraka."

Wapo waliocheka bila kutaka. Jua lilikuwa linasogea. Somoe alikaa vilevile, bakora magotini. Kama wangemshika wamwondoe kwa nguvu, hakuwa na la pili.

Sauti ya Adija ikatoka ndani ya nyumba. "Bwanausi. Mpe baba yako anachotaka, tumzike."

Bwanausi alitupa jembe chini, kisha akaliokota tena. Alikwenda kwenye banda la mbuzi na binamu zake wawili, wakachimba. Walirudi na bunduki nne zilizofungwa magunia yenye mafuta, wakazilaza miguuni pa Somoe. Jumbe Kibwana alizitazama akageuza uso. Somoe alikuwa anajiandaa kuinuka Adija aliposema tena.

"Mume wangu, hesabu yako haijatimia."

"Nyingine iko wapi, mke wangu?" Somoe aliuliza, bado kwa sauti ya Mrisho.

"Ile uliyomuuzia Husseni wa Miono, mfungo mosi. Alikungoja hapo uani, nikampikia uji mwenyewe. Alikutazama kama mtu anayekupimia sanda. Nilikuambia usimuuzie, ukaniambia pesa haina kabila."

Watu wote waligeuka wakamtazama mwanamke aliyevaa kanzu. Somoe alijua bunduki ipo. Hakujua kwamba mwanawe ameinunua kwa mkono uleule uliouza ile iliyomuua nduguye. Aibu ilimpanda, na hasira nayo, akatamani kumjibu Adija kwa ukali. Lakini Adija alikuwa mtani wake, na amemrudishia kwa haki, kipimo kwa kipimo.

Akavua kofia.

"Iko darini kwangu," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Nilijua, nikanyamaza. Kesho asubuhi itakuwa kivukoni. Nanyi leteni hizi." Akashuka kwenye jeneza, akavua kanzu, akaikunja vizuri akaiweka kizingitini kwa Adija. "Sasa mzikeni. Mungu amrehemu."

Kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Husseni alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kwenye miimo.

"Umezitoa zao, mama. Inatosha."

"Kwa nini zao na si yangu?"

"Dadi alikuwa ndugu yangu!"

"Alikuwa mwanangu kabla hajawa ndugu yako." Somoe alikuwa analia, na hakujificha. "Risasi moja imenila mtoto mmoja. Unataka nimpe na wa pili kwa mkono wangu? Nipishe, Husseni. Au nipige."

Husseni alishusha mikono, akaingia jikoni. Kisha akainua mkono darini mwenyewe akaitoa bunduki, akawa kama anataka kumkabidhi.

"Mimi sibebi," alisema Somoe. "Uliinunua kwa siri, utairudisha mchana, watu wakikuona."

Kesho yake majumbe wawili walikutana kivukoni, mahali palepale walipogombania maiti. Husseni aliweka yake mkekani, Bwanausi akaweka zake, hawakutazamana. Na kwa kuwa Wazigua na Wakwere walikuwa wamejaa kingo zote mbili wakiwasikiliza, majumbe waliona haya kubishana. Walipatana kwamba tangu siku hiyo nyayo za mwenye bunduki ya wizi hazitaishia majini. Atakayefuatwa na Miono atapokewa na Mkwajuni, na wa Mkwajuni hivyohivyo. Kabla ya mvua za masika wale wanyang'anyi walikamatwa, wamebanwa na watu wa pande mbili.

Sheria haikuwasahau vijana. Husseni na Bwanausi walifungwa Bagamoyo, kifungo kifupi. Somoe kila akipeleka vyungu Dunda alipitisha chakula, chungu kimoja kwa wote wawili, ili wasile mbalimbali. Alisimama nje akawauliza kwa sauti kubwa ni yupi kati yao aliyemfundisha mwenzake ujinga. Mwanzoni walikula bila kusemezana. Walipotoka walirudi kwa njia moja.

Somoe aliishi mpaka miaka ya hamsini, akafa mzee, mikono bado ina udongo. Siku ya maziko yake Wakwere walivuka wengi kuliko nilivyopata kuona mtoni hapo. Mbele yao alikuwa Bwanausi, ndevu nyeupe, na kabla watu hawajajua anafanya nini alikuwa amekwisha ingia ndani akatoka amejitanda kanga za marehemu, chungu kichwani, anatukana kila anayemwona. Watu walicheka wakilia. Akaenda akakaa juu ya jeneza, akamwita Husseni kwa sauti ile ile ya Somoe, akaipata barabara.

"Husseni mwanangu, bunduki yangu iko wapi? Siondoki bila bunduki yangu."

Husseni alipiga magoti mbele yake, mzee mbele ya mzee, akakung'uta mikono yake mitupu, akaikunjua ili kila mtu aione.

"Sina, mama," alisema. "Ulinibebesha mchana, watu wakiniona."

Bwanausi alijaribu kuendelea na mzaha, akashindwa. Akashuka kwenye jeneza, akamshika Husseni mkono, wakalibeba wao wawili mbele.